Asubuhi Tulivu kwa Njia ya Ayurveda: Yapi Yafuatwe, Yapi Yaulizwe Kwanza

Mwili wa binadamu huanza kujiandaa kwa siku mpya kabla mwenyewe hajafumbua macho. Kiwango cha homoni ya kotisoli hupanda, mapigo ya moyo huongezeka, shinikizo la damu lililoshuka wakati wa usingizi huanza kurudi juu, na chembe sahani za damu hushikamana kwa wepesi zaidi. Mabadiliko hayo ni ya kawaida, nayo ndiyo yanayomwezesha mtu kuinuka kitandani na kushika kazi zake. Hata hivyo, kwa mtu ambaye mishipa yake ya damu imekwisha dhoofika, saa hizo zina hatari yake. Tangu miaka ya 1980 watafiti wameonyesha kuwa mshtuko wa moyo hutokea mara nyingi zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana kuliko katika vipindi vingine vya siku. Kiharusi nacho hufuata mwelekeo unaokaribiana na huo.

Kwa sababu hiyo, namna mtu anavyoianza siku yake ni jambo la kitabibu, na mgonjwa anayeuliza habari za asubuhi tulivu anauliza swali la maana. Miongoni mwa majibu anayoyapata siku hizi, kwa jirani, kwenye simu yake ya mkononi au kwa ndugu aliyerudi kutoka matibabuni India, ni mazoea ya Ayurveda: kuamka kabla ya jua, kukwangua ulimi, kusukutua kwa mafuta, kunywa maji ya uvuguvugu, kujipaka mafuta ya ufuta, kuvuta pumzi taratibu. Baadhi ya mazoea hayo yanafaa na hayana gharama. Mengine yana madhara kwa watu wenye maradhi fulani. Makala haya yanayapitia moja baada ya jingine, kwa faida ya mgonjwa anayetaka kuyafuata na ya mhudumu wa afya atakayeulizwa.

Elimu yenyewe na mahali ilipotoka

Ayurveda ni elimu ya tiba ya Bara Hindi, na jina lake katika lugha ya Kisanskriti lina maana ya elimu ya maisha. Misingi yake imo katika vitabu viwili vikongwe vinavyonasibishwa na waganga Charaka na Sushruta, ambavyo viliendelea kukusanywa na kuhaririwa hadi karne za mwanzo za kalenda ya sasa. Baadaye, yapata karne ya 7, mganga Vagbhata aliandika muhtasari wa elimu hiyo uitwao Ashtanga Hridaya. Sura ya pili ya sehemu yake ya kwanza inahusu utaratibu wa kila siku, uitwao dinacharya. Sehemu kubwa ya yale yanayosambazwa leo kama desturi za asubuhi za Ayurveda ina asili katika sura hiyo na nyingine zinazofanana nayo.

Elimu hii haikubaki vitabuni. Mwaka 1902 mganga P. S. Varier alianzisha nyumba ya tiba ya Ayurveda huko Kottakkal, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Kerala, na taasisi hiyo ingali hai. Mwaka 2014 serikali ya India iliunda wizara kamili inayoshughulikia Ayurveda, yoga na tiba nyingine za asili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka msingi wa kituo chake cha kimataifa cha tiba asili katika mji wa Jamnagar, jimboni Gujarat.

Kwa Afrika Mashariki, Gujarat si nchi ya mbali kama ramani inavyoonyesha. Familia nyingi za Kihindi za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam zina asili katika pwani za Kutch na Kathiawar, na majahazi yaliyowaleta watu na vitambaa yalileta pia viungo, mafuta na miti ya dawa. Mwarobaini, ambao Waswahili wameupa jina linalodokeza kuwa unatibu maradhi arobaini, asili yake ni Bara Hindi. Vijiti vyake ni miongoni mwa miswaki ya tangu kale ya Wahindi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Ni kauli njema, lakini mwenyeji mwenye busara humpokea mgeni akijua amebeba nini.

Ushauri ulioandikwa kwa mtu mzima wa afya

Jambo la kwanza ambalo msomaji wa leo hulikosa ni hili: Vagbhata anapoelekeza kuamka kabla ya mapambazuko, anamwelekeza mtu mwenye afya. Utaratibu wa kila siku ulikusudiwa kuilinda afya iliyopo, na mgonjwa alikuwa na sura zake nyingine. Hata katika jambo dogo kama msuaki wa kijiti, mwandishi huyo alitaja watu wasiopaswa kuutumia, wakiwamo wenye homa, kikohozi, shida ya kupumua, kutapika na vidonda vya kinywa. Kuhusu mafuta ya mwili, alimzuia mtu ambaye chakula hakijasagika tumboni mwake. Kuhusu mazoezi, alisema yafanywe kwa nusu ya nguvu za mtu, na yapunguzwe zaidi katika majira ya joto.

Mipaka hiyo huachwa nyuma desturi zinapogeuzwa kuwa orodha fupi ya mambo saba au kumi ya kufanya kila asubuhi. Anayeisoma orodha hiyo haelezwi kuwa waasisi wa elimu yenyewe walitaka kwanza kujua umri wake, nguvu zake, majira ya mwaka na maradhi aliyonayo. Kwa mantiki hiyo, daktari anayemwambia mgonjwa wa figo asifuate ushauri fulani wa asubuhi hapingani na Ayurveda. Anafanya kile ambacho vitabu vyake vyenyewe vinahimiza, yaani kumtazama mtu kabla ya kumwelekeza.

Kuamka mapema na deni la usingizi

Saa inayosifiwa na vitabu hivyo huitwa brahma muhurta. Muhurta moja ni dakika 48, na saa hiyo huanza muhurta mbili kabla ya jua kuchomoza, yaani dakika 96. Mahali ambapo jua huchomoza saa 12:30 asubuhi, itaanza kabla kidogo ya saa 11 alfajiri. Kwa watu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hiyo si saa mpya. Ni saa ya kusikia adhana, ya mama kuwasha jiko, ya mfanyakazi kuwahi daladala.

Faida ya kuamka wakati huo inategemea saa ya kulala. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Anayelala saa 5 usiku na kujilazimisha kuamka saa 11 kasoro alfajiri ili atafakari, anajinyima usingizi akidhani anajitibu, na upungufu wa usingizi wa muda mrefu unahusishwa na shinikizo la damu, kisukari na unene. Linalosaidia zaidi ni kulala na kuamka kwa saa zilezile kila siku, kisha kupata mwanga wa jua mapema, kwa kuwa mwanga huo ndio unaoweka sawa saa ya ndani ya mwili. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hana sababu ya kujilaumu kwa kuikosa alfajiri. Asubuhi yake tulivu ni chumba chenye giza na usingizi usiokatizwa.

Kinywa: ulimi, mswaki na mafuta

Kukwangua ulimi ni desturi nyepesi kuliko zote. Kikwangulio cha chuma kisichoshika kutu, au hata ubavu wa kijiko, hupitishwa taratibu kutoka nyuma ya ulimi kuja mbele, mara chache tu, bila kukandamiza. Utando unaotolewa una bakteria na mabaki ya chakula, na kuuondoa hupunguza harufu ya kinywa kwa muda. Mwenye vidonda au utando mweupe wenye maumivu asikwangue. Aende kituoni, kwa kuwa utando wa namna hiyo unaweza kuwa fangasi, hasa kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI au kwa anayetumia dawa za pumu za kuvuta.

Kusukutua kwa mafuta ya ufuta au ya nazi kumepata umaarufu mkubwa. Zipo tafiti ndogo zinazoonyesha kuwa huenda kukapunguza utando wa meno, lakini hakujathibitishwa kuwa mbadala wa kupiga mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani hakipendekezi mafuta kuchukua nafasi ya mswaki. Atakaye kusukutua asigogomoe kooni, atumie kijiko kimoja kidogo, ateme kwenye karatasi au takataka ili asizibe bomba la maji, kisha apige mswaki kama kawaida.

Tahadhari kubwa iko mapafuni. Mafuta yanayopita njia ya hewa badala ya njia ya chakula hayamsababishii mtu kikohozi kikali kama maji, hivyo yanaweza kuteremka kimya na kuleta aina ya nimonia inayotokana na mafuta. Wazee, watu waliopooza kwa kiharusi, wenye shida ya kumeza na watoto wadogo wasisukutue kwa mafuta kabisa. Kwa sababu hiyohiyo wasitiwe matone ya mafuta puani, desturi iitwayo nasya.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi, ambako asili yake ni katika mafunzo ya yoga, kunaweza kumsaidia mtu mwenye mafua ya mzio au mafua sugu. Sharti lake ni maji. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na ameba iitwayo Naegleria fowleri, ambayo hupanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Maji yatakayoingia puani yachemshwe kwanza, yapozwe, na chombo kioshwe na kukaushwa kila baada ya kutumika.

Maji ya asubuhi

Bilauri ya maji ya uvuguvugu baada ya kuamka ni desturi njema. Usiku mwili hupoteza maji kwa pumzi na jasho, na maji ya asubuhi huamsha tumbo na kumsaidia mwenye kufunga choo. Hayaondoi sumu kutoka kwenye ini wala hayayeyushi mafuta ya tumbo, ingawa mara nyingi hudaiwa hivyo. Kazi ya kuondoa taka za damu ni ya ini na figo, nazo huifanya usiku na mchana.

Wapo wanaoshauri maji mengi, lita moja au zaidi kwa mkupuo. Kwa mtu mwenye moyo uliodhoofika, au ambaye figo zake hazitoi maji ipasavyo, ushauri huo unaweza kumfikisha wodini akiwa amevimba miguu na kubanwa na pumzi. Mgonjwa aliyewekewa kiwango cha maji kwa siku ahesabu bilauri ya asubuhi ndani ya kiwango hicho. Asali iliyochanganywa na maji ni sukari, na mwenye kisukari aihesabu hivyo. Limau huongeza ladha, lakini asidi yake hulainisha tabaka la juu la jino, hivyo ni vema kusubiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, au kupiga mswaki kwanza.

Vitabu vya Ayurveda vinasisitiza pia kuwa mtu asizuie haja inapomjia. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu ushauri huo una faida ya ziada, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha kipimo na kumfanya aonekane mgonjwa zaidi kuliko alivyo.

Mafuta ya mwili na macho ya miguuni

Kujipaka na kujikanda kwa mafuta ya uvuguvugu kabla ya kuoga huitwa abhyanga. Mpenda desturi za pwani hatashangazwa na jambo hili, kwani singo na mafuta ya nazi ni sehemu ya malezi ya mwili tangu zamani. Kukanda ngozi taratibu kunalegeza misuli, kunatuliza fikra na kunalinda ngozi kavu. Dakika kumi zinatosha.

Kwa mgonjwa wa kisukari, desturi hii inaweza kubeba jambo kubwa zaidi. Neva za miguu yake zikiwa zimeharibika, hawezi kuhisi msumari, lengelenge wala moto. Anapokaa asubuhi kujipaka mafuta miguuni, apate fursa ya kuitazama: unyayo, kisigino, katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe mtu wa nyumbani. Jeraha lililoonekana siku ya kwanza hutibiwa kwa kusafishwa na kufungwa, ilhali lililoonekana wiki ya tatu linaweza kugharimu mguu. Ayatazame mafuta pia. Yapashwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, yajaribiwe kwa kiwiko cha mkono na si kwa mguu usiohisi, na yasiachwe katikati ya vidole, ambako unyevu huvutia fangasi.

Hatari nyingine ni utelezi. Mzee aliyejipaka mafuta kisha akaingia bafuni lenye sakafu laini anaweza kuvunja nyonga. Akae kwenye kigoda, miguu ipakwe mwisho na ifutwe kabla hajasimama.

Pumzi na mazoezi

Katika desturi zote za asubuhi, pumzi ya taratibu ndiyo yenye ushahidi unaoeleweka vizuri zaidi. Mtu anapopumua takriban mara sita kwa dakika, akiachia pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, mfumo wa neva unaotuliza mwili hupata nguvu, na vihisi vya shinikizo vilivyo katika mishipa mikubwa hufanya kazi kwa makini zaidi. Tafiti zimeonyesha kushuka kwa kiasi kidogo kwa shinikizo la damu kwa watu wanaoendelea na zoezi hili. Kiasi hicho husaidia dawa, hakiwezi kuchukua nafasi yake.

Si kila zoezi la pumzi linatuliza. Mazoezi ya kupumua kwa kasi na kwa nguvu, kama kapalabhati na bhastrika, na yale ya kubana pumzi kwa muda mrefu, hayawafai wajawazito, wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, maradhi ya moyo wala kifafa. Mikao ya kichwa chini hupandisha shinikizo ndani ya jicho, hivyo mwenye glakoma aiache.

Kutembea, kunyoosha viungo na mikao mepesi ya yoga vinawafaa wengi. Kipimo cha nusu ya nguvu alichokitaja Vagbhata kinakaribiana na kile wanachokitumia wahudumu wa leo: mtu aweze kuzungumza huku akifanya zoezi. Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamaidi, asitoke kufanya mazoezi kabla ya kula bila kupima sukari. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, au akitetemeka na kutokwa jasho la baridi, anywe mara moja maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale.

Chupa zinazofuatana na ratiba

Mpaka hapa desturi zilizotajwa hutumia maji, mikono na mafuta ya kupikia. Hatari huongezeka pale ratiba inapoambatana na kopo la unga au chupa ya vidonge. Tawi moja la utengenezaji wa dawa za Ayurveda hutumia madini kwa makusudi, yakiwamo risasi, zebaki na aseniki, kwa imani kuwa namna yanavyochomwa huondoa sumu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikagua bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, na moja katika kila tano ilikuwa na madini hayo. Utafiti wa mwaka 2008 wa bidhaa 193 zilizonunuliwa kwa njia ya intaneti ulipata kiwango kilekile.

Risasi huumiza polepole. Mtu mzima hulalamika tumbo kusokota, kufunga choo, uchovu na upungufu wa damu. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Mtoto huharibika ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Wanja nao, ambao katika desturi za Ayurveda hupakwa machoni asubuhi, na ambao pwani hupakwa hata watoto wachanga, huweza kuwa na risasi kwa wingi. Mtoto asipakwe.

Mimea pia ni dawa, na dawa hugongana. Mzizi mtamu uitwao mulethi, unaotiwa katika chai na dawa nyingi za kikohozi, ukitumiwa mara kwa mara hupandisha shinikizo la damu na kushusha madini ya potasiamu. Ashwagandha, inayouzwa kama dawa ya utulivu, imehusishwa na madhara ya ini, inaweza kuvuruga homoni za tezi ya shingo, na haifai kwa mjamzito. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa. Manjano na tangawizi za jikoni, kwa kiasi cha mchuzi na chai, hazimo katika onyo hili.

Asubuhi ya mgonjwa, hatua kwa hatua

Mgonjwa wa shinikizo la damu anaweza kuyakusanya yaliyo mema katika utaratibu mfupi usiozidi nusu saa. Akiamka, aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama, kwa kuwa baadhi ya dawa hushusha shinikizo pindi mtu anapoinuka, na wengi huangukia hapo. Aende haja. Asafishe ulimi na meno. Kisha, kabla ya chai, kahawa, sigara au mazoezi, aketi kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zikiwa sakafuni na miguu isikunjwe juu ya mwenzake, apumue taratibu kwa dakika tano bila kuzungumza.

Dakika tano hizo ndizo wanazozitafuta wapenda utulivu, na ndizo pia zinazotakiwa kitaalamu kabla ya kupima shinikizo. Mwenye kipimo nyumbani apime sasa, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo, mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, aandike namba zote. Wastani wa nyumbani unaofikia 135 kwa 85 kwa siku kadhaa unapaswa kupelekwa kliniki. Baada ya kupima, ameze dawa yake. Ndipo ajipake mafuta, aoge, atembee na kula.

Kila dawa ina saa yake. Dawa ya tezi iitwayo levothairoksini humezwa kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Metformini humezwa pamoja na chakula. Dawa za kukojosha huwekwa asubuhi ili mgonjwa alale usiku. Anayetaka kuongeza desturi yoyote ya asubuhi aiweke pembeni ya ratiba hiyo, wala asiisogeze dawa ili kuipisha desturi.

Swali la mhudumu

Wagonjwa wengi hawasemi wanachokitumia nyumbani kwa sababu waliwahi kusema wakachekwa au wakakemewa. Aliyekemewa haachi kutumia, anaacha kusema. Swali la “Unatumia dawa za kienyeji?” huvuta jibu la hapana. Swali la “Mama, ukiamka asubuhi, unaanza na nini hadi unapokunywa chai?” humfungulia mtu mlango wa kueleza maji, mafuta, unga na kijiko alichopewa na shemeji. Baada ya hapo mhudumu aombe kuviona vyombo vyenyewe katika hudhurio lijalo, asome maandishi yake, na aandike majina yake kwenye faili pamoja na dawa nyingine.

Mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo yasiyoeleweka na upungufu wa damu aulizwe habari za unga na vidonge vya asili. Shinikizo lililokuwa limetulia likipanda bila sababu, chai ya mizizi iulizwe. Macho yakiwa ya manjano, chupa ya utulivu iulizwe. Mgonjwa akisema ameacha dawa kwa sababu sasa anapumua taratibu na anajisikia vizuri, asishindanishwe. Apimwe mbele ya macho yake, aonyeshwe namba, aelezwe kuwa shinikizo la damu huwa halina maumivu, na kwamba mtu anaweza kuwa na moyo uliotulia kwa hisia huku mishipa yake ikiendelea kuumia.

Kisha aruhusiwe kuendelea na pumzi yake, na pakiti ya dawa iwekwe kando ya kikombe cha mswaki, mahali anapofika kila asubuhi.